Dakika Arobaini na Tano hadi Lodwar

Kidole

Protus aliinua mkono, akanyoosha kidole kwenye milima ya upande wa machweo, akasema, "Kule, mzee. Nyuma ya ile milima. Ni kijani tupu. Tulipokuwa juu tuliona nyasi ndefu kama za Kakamega."

Tulikuwa tumeketi nyuma ya nyumba ya wakwe zangu huko Lodwar, kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa mabati. Mzee Lokiru, babu ya msichana ambaye mwanangu Wycliffe anataka kumwoa, alikuwa amekalia kigoda chake kidogo cha mti, fimbo katikati ya magoti. Mwanawe Ekiru ndiye aliyekuwa akimtafsiria. Mzee akatazama kile kidole. Akatazama milima. Kisha akawageukia wanawe wengine wawili, akawaambia maneno machache tu, na wale wanaume wakainuka, wakachukua fimbo zao.

"Anawatuma wapi?" nikamuuliza Akai, ndiye msichana mwenyewe, aliyekuwa ameketi karibu nami.

"Wakahamishe mifugo, mama. Babu alikuwa anangoja habari. Mbuzi na ngamia wote sasa wanaenda pale baba Protus ameonyesha."

Sasa, nyinyi wenzangu wa soko la Khayega, ambao tangu nirudi mnanijia mmoja mmoja kwenye meza yangu na kujifanya mnataka mboga ya mrenda, mjue jambo moja kabla sijaanza. Protus hajawahi kuwa juu. Hajawahi kupanda ndege, wala hata ngazi ya ndege. Kitu kirefu zaidi ambacho Protus amewahi kupanda ni mparachichi wa mama yake, na alilia mpaka akateremshwa.

Mimi niliishia darasa la sita, kwa hivyo mtanisamehe nikiandika vile ninaongeanga. Lakini nitaandika yote, na majina nitayataja.

Nyumbani Khayega: simu inasoma

Mnajua mume wangu alitangulia. Mume akiondoka, mambo ya mtoto kuoa yanashikwa na ndugu yake, na ndugu aliyebaki ni Protus. Sikumchagua. Nilimpata tu, kama mtu anavyopata malaria.

Protus alifanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha sukari miaka yake yote. Trekta la miwa linapanda, sindano inacheza, Protus anaandika. Tangu hapo kitu kisicho na nambari hakiamini, na kitu chenye nambari hakiulizi swali.

Wycliffe yuko Lodwar, ni fundi wa pampu za visima. Akai alimpata huko huko, na sasa Akai ana mimba kubwa. Ujumbe kutoka kwa wakwe ulikuwa mfupi: tuje tuzungumze, babu yake abariki, mtoto azaliwe akiwa wa kwetu. Tusipokuja, mtoto atazaliwa tu, kwa sababu watoto hawangoji kamati, lakini atahesabiwa wa nyumba ya mama yake. Mimi nina Wycliffe peke yake. Huyo aliye tumboni ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Hiyo ndiyo safari ilikuwa, hakuna kingine.

Tukafanya kikao kwangu. Protus alikunywa chai yake, akatoa simu, akavaa miwani, akasoma kama anasoma Injili.

"Umbali kutoka uwanja wa ndege wa Kakamega hadi uwanja wa ndege wa Lodwar." Akataja kilomita. "Muda wa kuruka, dakika arobaini na tano."

Senje Belita, dada yao mkubwa, ambaye kama shangazi wa kijana hatuwezi kwenda bila yeye, akaweka kikombe chini.

"Na ndege yenyewe ni ya nani?"

"Dada, imeandikwa muda hapa. Muda ungetoka wapi kama hakuna ndege?"

Mimi nawauliza na nyinyi: hapo ungejibu nini? Hata Belita alirudia kikombe chake, na Belita haachanga swali njiani. Protus akaonyesha ramani, kulikuwa na mstari umenyooka kutoka kwetu mpaka kwao kama uzi wa mwashi. Akasema barabara ni ya watu wasiojua kusoma. Papo hapo akampigia Ekiru, mjomba wa Akai, ndiye msemaji wao. "Ijumaa saa sita mchana tuko kwenu," akamwambia. "Tunakuja na ndege."

Mambo ya tiketi sitawachosha nayo, kwa sababu hayakuwepo. Protus alisema ndege ndogo ni kama basi la Kisumu, unalipia ndani.

Khayega hadi uwanja wa ndege

Ijumaa asubuhi nyinyi wenyewe mlinisindikiza. Mama Fridah, uliniambia nikifika juu nipunge mkono, utakuwa nje na kanga nyekundu. Baadaye nilisikia ulisimama nje kweli. Pole.

Tulikuwa watano: Protus na suti, Senje Belita na kofia ya kanisa, wazee wawili wa ukoo ambao kazi yao ilikuwa kukubaliana na Protus, na mimi na jogoo. Kwetu huendi kwa wakwe mikono mitupu. Nilikuwa nimemchagua mwenyewe, mwekundu, mkia umeinuka, nikamfunga miguu na kumweka ndani ya kikapu kichwa kikiwa nje ili apate hewa. Belita aliuliza kama jogoo anaruhusiwa kwa ndege. Protus akasema jogoo atapenda, ni mambo ya ukoo wake.

Tulifika uwanjani na bodaboda. Mlango ulikuwa na mnyororo. Ng'ombe wawili walikuwa wanakula karibu na ua, na askari mmoja alikuwa anakula pia, mhindi wa kuchoma.

"Mulembe," akasema.

"Mulembe," tukajibu sote.

"Mnatafuta nani?"

"Ndege ya Lodwar," Protus akasema.

Askari akatuangalia kuanzia viatu mpaka kofia ya Belita. Akamwona jogoo. Jogoo akamwona.

"Kuna mgeni mkubwa anakuja leo? Mbona sijaambiwa?"

"Wageni ni sisi."

"Mzee wangu, hapa hakuna ndege ya abiria ya Lodwar."

Protus akacheka kile kicheko chake cha mizani, kile alichokuwa akiwacheka nacho wakulima wakisema miwa yao ilikuwa mingi zaidi. Akatoa simu. Askari akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea kwa heshima, akasoma polepole.

"Hii ni kweli," akasema. "Kutoka hapa mpaka Lodwar ni dakika arobaini na tano."

Protus akatugeukia. "Mmesikia?"

"Ukiwa na ndege," askari akamalizia, akarudi kwa mhindi wake.

Mtu mwingine angeenda nyumbani. Protus aliketi juu ya begi lake, akakunja mikono. "Tungoje. Labda imechelewa."

"Protus," Belita akamwambia, "hata kuchelewa kunataka kitu cha kuchelewa."

Tukangoja. Jua likapanda. Askari alituletea benchi, na nadhani alikuwa anatuhurumia, kwa sababu alianza kutueleza habari za ndege zilizowahi kushuka hapo kama mtu anayefariji wafiwa. Mmoja wa wale wazee akalala. Viatu vyangu vipya vikaanza kunila.

Halafu simu ikalia. Alikuwa Ekiru.

Sasa hapa tuongee ukweli. Kwetu, mtu akikupigia simu ukiwa bado unaoga, unasema uko kwa njia. Ukiwa kwa njia, unasema umefika. Na anayekupigia anajua unaoga, kwa sababu yeye mwenyewe jana alikuwa kitandani akisema yuko stendi. Hakuna anayedanganywa, ni salamu tu. Lakini hiyo inafanya kazi mahali ambapo wote wanaijua.

"Baba, mmefika wapi?" tulimsikia Ekiru, kwa sababu Protus huweka sauti ya simu juu ili watu wajue anapigiwa.

"Tumeshapaa!" Protus akasema. "Tuko juu!"

Ng'ombe mmoja akalia, karibu kabisa.

"Hiyo ni sauti gani?"

"Injini," Protus akasema, na akakata.

Belita alinitazama. Mimi nilimtazama jogoo, maana ndiye peke yake hapo aliyekuwa na uso wa kuaminika.

Kakamega hadi Kitale

Aliyetuokoa ni Kizito, yule wa kubeba mahindi kutoka Lugari. Nilimpigia simu, akaja na pikapu yake, akatukuta tumeketi pale kama mizigo iliyosahaulika. Hakucheka mbele yetu. Alienda nyuma ya gari akainama kwanza, akajifanya anaangalia tairi.

Protus akakaa mbele kwa sababu ana mgongo. Sisi wengine, inaonekana, hatuna migongo. Senje Belita, mwanamke mwenye wajukuu kumi na ngapi sijui, alipandishwa nyuma kwa kusukumwa, kofia ikiwa mkononi, akaketi juu ya magunia matupu. "Nimepaa," akasema.

Kupitia kidirisha cha nyuma tulisikia safari ya ndege ikiendelea. Tulipopita Webuye, Protus alikuwa anamwambia Ekiru kuna mawingu na rubani anazunguka. Mbele kidogo, mawingu yakawa mazito. Ng'ambo ya pili ya simu, msisahau, watu walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa ndege wa Lodwar, juani, shingo juu. Sikujua hayo wakati ule. Nilijua tu kwamba gari linaruka mashimo na jogoo ananinyea miguuni.

Kabla ya Kitale jua lilikuwa linaelekea kushuka, hata Protus akaona mawingu hayawezi kukaa siku nzima. Akampigia Ekiru kwamba ndege imepata hitilafu, imetushusha Kitale, mshukuruni Mungu tuko hai, kesho tunakuja na gari. Tulisikia mwanamke akipiga kelele huko, halafu watu wakiomba. Walituombea, jamani. Watu tusiowajua walipiga magoti wakamshukuru Mungu kwa kutuokoa na ajali ya ndege ambayo haikuwepo.

Kitale tukaingia hoteli moja kula. Protus aliagiza kuku. Kipande kilipokuja akakipindua, akatafuta chini ya mchuzi, akaita mhudumu.

"Binti, firigisi iko wapi?"

"Firigisi gani, baba?"

"Mimi ndiye mkubwa wa safari. Kuku akija bila firigisi ni kama hujaniona."

"Baba, uliagiza robo. Robo ya kuku ina robo ya firigisi?"

Mwenye hoteli akaitwa. Mpishi akaitwa. Wale wazee wawili wakakubaliana na Protus. Wakwe wako Lodwar wanaomba, mjukuu wangu anangoja kupewa ukoo, na sisi tuko Kitale tunatafuta firigisi. Mwishowe mpishi alileta moja kwenye sahani ndogo, sijui ya kuku gani, pengine ya kuku wa jana. Protus akaila akiwa ameinua kidevu. Tukalala kwenye madawati ya kanisa moja, mlinzi alituruhusu. Hiyo siku tuiache hapo.

Kitale hadi Lodwar

Asubuhi tulitoka Kitale na baridi ya koti. Kapenguria kulikuwa na matope, mvua ilikuwa imepiga usiku. Halafu barabara ikaanza kuteremka kwa makona, na kila kona ilitoa nguo moja. Tulipofika chini Marich, Belita alikuwa amebaki na gauni na hasira.

Huko chini jua si lile letu. Letu linaomba ruhusa. Lile linaingia tu. Mito imekauka, ni mchanga mweupe, na Kizito anaivuka akinong'ona kwa gari. Katika mmoja wa hiyo mito tairi likapasuka, na la akiba lilikuwa na shida ambayo Kizito alieleza kwa muda mrefu kuliko tulivyotaka.

Tukiwa pale akaja mwanamume na mbuzi wake. Mrefu, mwembamba, shuka begani. Nikajua ataomba maji, nikaanza kutafuta chupa. Hakuomba. Alisalimia kila mmoja kwa mkono, hata wale wazee, akachuchumaa kivulini mwa gari, akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Mmetoka wapi? Mmeona mvua wapi?"

"Kwetu Kakamega inanyesha kila siku!" Belita akasema akicheka.

Hakucheka. Alingoja Belita amalize, kama mtu anayesubiri lori lipite. Akanigeukia mimi. Aliuliza kipande kwa kipande. Kapenguria ilikuwaje? Matope ya jana au ya leo? Pale chini Marich, mto una maji au mchanga? Mchanga umelowa? Miti mliyoipita ilikuwa na majani mapya? Nikamwambia nilichoona, na nisichokiona nikasema sikukiona. Alisikiliza akitazama mdomo wangu. Kisha naye akanipa habari zake: alikotoka hakuna kitu, ndugu zake walikwenda upande wa machweo mwezi uliopita wakapoteza mbuzi wengi njiani, wakarudi.

"Asante, mama," akasema. "Umenipa habari."

Alisema kama vile nimempa chakula. Alisaidia kuinua gari, akafukuza mbuzi wake kuelekea tulikotoka sisi. Nikabaki nashangaa. Huyu mtu anahamisha mali yake yote kwa sababu ya matope niliyoyaona nikiwa juu ya gunia.

Protus hakuyasikia hayo. Alikuwa ametembea mbele akiinua simu, akitafuta mtandao.

Lodwar

Tulipokelewa kwa nyimbo. Wanawake walitushika mikono wakaangalia kama tuna majeraha. Mama yake Akai alimkumbatia Belita akilia, na Belita, ambaye safari yote alianguka mara moja tu, hapo akishuka kwenye pikapu ya Kizito, akalia pia.

Wycliffe wangu alikuwa amekonda. Alinivuta pembeni. "Mama, ni ndege gani hiyo ilitoka Kakamega?"

"Muulize baba yako mdogo," nikamwambia.

Akai ndiye aliyenisimulia ya jana, akicheka, tumbo limemtangulia. Kumbe familia nzima ilikuja uwanjani. Mzee Lokiru aliletwa kutoka kwa mifugo yake, mbali, nyuma ya lori, na yeye hapendi magari. Akaketi juani akitazama juu. Ndege ikaja kweli, ile ya kutoka Nairobi. Akashuka mwanamume mmoja mnene na suti. Wakamkimbilia, wakamwimbia, wakamvika shanga shingoni, bibi mmoja akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Yule bwana akasimama tu, ameshika mkoba wake, akasema, "Asanteni, lakini mimi nimekuja kukagua benki."

"Tukamwacha na shanga," Akai akasema. "Ilikuwa aibu kumvua."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kwa hayo peke yake ningesamehe barabara yote.

Chakula kikaja: nyama ya mbuzi ya kuchemsha, sinia zima, na chai ya maziwa ya ngamia. Belita aliuliza kwa sauti ya chini kama obusuma, yaani ugali wetu, inakuja. Ikaja, wametupikia makusudi, waliuliza Wycliffe tunakula nini. Protus akachokorachokora nyama akitafuta sijui nini, nikamkanyaga mguu. Jogoo wangu nilimkabidhi mzee kwa mikono miwili. Akamgeuza, akamtazama miguu, akauliza kitu.

"Anauliza huyu hutembea umbali gani kwa siku," Ekiru akatafsiri.

"Mwambie hatembei, anakaa nyumbani," nikasema.

Mzee akatingisha kichwa kwa huruma, akamfungua kamba.

Mambo yalikuwa mazuri, nawaambia. Yalikuwa yanakwenda. Tulikuwa tumefika kwenye baraka, maji yameshaletwa kwenye kibuyu. Ndipo mzee akauliza swali alilokuwa amebeba tangu jana, lile lililomtoa kwa mifugo yake na kumweka juani.

"Anasema," Ekiru akatafsiri, "nyinyi mmepita juu. Mmeona nchi yote kwa wakati mmoja, kitu ambacho yeye hajawahi kuona. Mifugo imengoja. Anataka kujua nyasi ziko wapi."

Protus angeweza kusema hajui. Neno moja. Angesema kulikuwa na mawingu, uongo wake mwenyewe ungemsaidia! Lakini Protus ni mtu wa mizani, hajui kumwambia mtu kwamba sindano haijasoma. Akainua mkono. Akanyoosha kidole. Hapo ndipo nilipowaanzia.

Upande wa machweo. Ule ule ambao yule mwanamume wa mtoni aliniambia ndugu zake walipoteza mbuzi.

Wale wanaume wawili walikuwa wameshafika kwenye ua. Mimi nikainuka. Katika kikao kama hicho mama wa kijana hasemi, nyinyi mnajua, anaketi na kuitikia. Nikasema, "Ekiru, waite warudi. Mwambie mzee hatukupanda ndege."

Ekiru alinitazama kama hakusikia, halafu akamtazama Protus.

"Mulamwa, keti," shemeji yangu Protus akasema kwa Kiswahili, na akaongeza kwa Kiisukha chetu mambo ambayo siyaandiki.

Ekiru hakutafsiri. Nadhani alitaka kutuokoa. Kibuyu kilikuwa tayari, kwa nini kimwagike? Basi nikamgeukia Akai. Yeye ndiye angepoteza kuliko wote, yeye na huyo aliye tumboni. Alinitazama, mkono juu ya tumbo. Wycliffe alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha Akai akageuka kwa babu yake, akamwambia kwa Kiturkana, taratibu, neno kwa neno, nikaona kila neno likifika.

Mzee akapiga mluzi. Wanawe wakasimama.

Akauliza, na Akai akatafsiri: "Hakuna aliyekuwa juu?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata jogoo," Belita akasema.

Sitamsahau wifi yangu huyo kwa neno hilo. Alikuwa ameinuka akasimama kando yangu, kofia kichwani.

Mzee Lokiru hakupaza sauti. Aliniuliza nilikuja na njia gani, nikamwambia. Akaniuliza kipande kwa kipande, kama yule wa mtoni, nami nikajibu kipande kwa kipande: matope ya Kapenguria, mchanga wa Marich, mbuzi waliopotea machweo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akachukua kigoda chake, na Akai akatafsiri maneno yake ya mwisho.

"Anasema habari za mama amezipokea. Mwanamume aliyenyoosha kidole, arudi. Aje na barabara, aketi hapa, mbele ya watu hawa, amwambie kwa mdomo wake mwenyewe aliona nini akiwa juu. Akishasema, maji yataletwa tena. Kabla ya hapo mazungumzo yamelala."

Tukamtafuta Protus aseme palepale. Hakuwepo. Alikuwa amekwenda nyuma ya pikapu, ameinua simu, anatafuta mtandao.

Lodwar hadi Khayega, na anayepaswa kujibu

Kurudi hakuna la kusimulia. Protus alikaa mbele na mgongo wake. Hakuna aliyemsemesha mpaka Webuye, na Webuye aliyemsemesha ni muuza mayai.

Lakini tangu tufike, nasikia mambo. Nasikia pale kwa kinyozi Protus anasimulia safari ya ndege, na sasa ndege imekuwa na mhudumu na soda. Nasikia anasema mazungumzo yalivunjwa na mwanamke asiyejua kuketi. Na baadhi yenu, msikatae, mmeitikia. Mama Fridah, wewe uliniambia, "Ungenyamaza tu, mama, mbuzi si wako." Kweli si wangu. Mjukuu ndiye wangu. Nilitaka aje kwetu, bado nataka, silali kwa kumtaka. Lakini angekuja kwetu juu ya mifugo ya babu yake iliyokufa, na siku moja angeuliza ni nani aliyeonyesha kidole, na mimi ningekuwa nimeketi pale.

Wycliffe anapiga simu kila Jumapili. Akai yuko karibu sana sasa. Mzee bado anangoja, ameuliza mara mbili kama yule mwanamume ameonekana barabarani.

Kwa hivyo naandika haya na nitayabandika hapa sokoni, pale karibu na bucha, kila mtu asome. Kwanza yule aliyeweka kwenye mtandao muda wa safari ambayo haipo, popote alipo, aeleze kwa nini aliweka dakika na akasahau kuweka ndege. Yeye simjui, simwezi.

Wewe, Protus, nakujua. Nyumba yako naiona kutoka kwangu. Kizito amesema pikapu iko tayari siku yoyote, na kiti cha mbele ni chako, kwa ajili ya mgongo. Senje Belita amesema atakaa nyuma tena, juu ya magunia, ahakikishe umefika. Wale wazee wawili wakubaliane na wewe mpaka Lodwar. Hakuna anayekudai kitu kingine. Uketi chini mbele ya yule mzee, umtazame usoni, ujibu swali moja alilokuuliza kwa heshima, ndipo mtoto apate ukoo wake.

Ulipokuwa juu, Protus, uliona nini?